Vitunguu vya Maua vya Ruti

Siku daktari alipomwambia mama kwamba jicho la kushoto limekwisha, na la kulia limebaki na kitundu kidogo tu cha kuonea, mama hakulia. Alisema, "Aksanti, dokta," kama mtu aliyekaribishwa kiti, kisha akaanza kupapasa meza akitafuta mfuko wake wa kitenge. Ulikuwa mapajani mwake. Nikauinua, nikamwekea mkononi.

Tulikuwa Ruharo, Mbarara, nchini Uganda, kwenye hospitali ambako wagonjwa wa macho hutoka mbali kuja kutibiwa. Daktari alikuwa kijana mpole wa huko huko. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alijikaza nacho ili azungumze na mama mwenyewe, asizungumze na mimi huku mama amekaa katikati yetu kama mzigo.

"Mama, hii dawa ya matone usiache," alisema. "Ile imepotea, hairudi. Hii kidogo imebaki, tunajaribu kulinda. Lakini mimi siwezi danganya wewe. Inaweza kwenda."

"Itaenda siku gani?"

"Hiyo Mungu ndiye anajua, mama."

Nje tuliketi kwenye benchi la saruji, tukisubiri dirisha la dawa lifunguliwe. Jua lilikuwa kali, na mama alikuwa amegeuza kichwa upande, kama kuku anayechungulia punje, maana ndivyo alivyokuwa ameanza kutazama vitu. Aliniuliza tuko mwezi gani. Nikamwambia wa nane unaisha.

"Basi mvua iko karibu," akasema. "Twende tutafute dalia. Tukipanda sasa, zitachanua ku Noeli. Pengine mpaka Noeli nitakuwa naona bado."

Nilidhani huzuni imempotosha akili. Sisi ni watu wa Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mbele ya nyumba yetu kuna kipande cha shamba ambacho mtu akinyoosha kamba ya nguo mara mbili amekimaliza, na kipande chote kilikuwa cha maharage na mahindi. Mimi hushona nguo kwa cherehani ya kukanyaga, mbele ya mlango. Nilikuwa nimeondoka nyumbani na mawazo ya matone ya macho, na ya nani atamwangalia mama nikienda sokoni. Maua hayakuwa kichwani mwangu hata kidogo.

Lakini nilizijua dalia zake. Kwetu Kongo, milimani Kivu ya Kusini, alikuwa amezipanda pande zote mbili za njia, kuanzia kwenye ua wa miti hadi mlangoni. Dalia ni ua kubwa, lenye petali nyingi zilizopangana kama mtu aliyekunja kitambaa kwa uangalifu mkubwa. Maua mengine yalikuwa yakitoka mvua inapoanza, yanakwisha upesi. Dalia zake zilikuwa zikichelewa. Zilichanua mvua ikiwa inaelekea kuisha, majani ya maharage yakiwa yamekauka na shamba lote limebaki rangi ya udongo, na ndipo Noeli ilipotukuta tuna njia nyekundu mpaka mlangoni. Watu waliokwenda kanisani walikuwa wakipita kwetu makusudi. Baba alizoea kumtania kwamba siku moja atayapika hayo maua, maana yamekula nafasi ya mihogo. Baba tulimwacha huko, na nyumba tuliiacha inaungua.

Nilijua pia mahali pa kuzitafuta. Huko Ruti, kwenye barabara ya Kabale, kuna watu wanaouza miche kando ya barabara. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi nikienda kwa mtu anayeniuzia uzi. Tulipopata dawa, tukapanda gari la Ruti.

Muuzaji aliyekuwepo siku hiyo alikuwa mama wa Kiislamu wa Mbarara, mtu mzima, amejifunga mtandio wa kijani, na Kiswahili alikipata kwa marehemu mume wake aliyekuwa askari. Miche ilikuwa imepangwa ndani ya vifuko vyeusi vya nailoni, na vitunguu vya maua, ile mizizi minene ya kupanda, vilikuwa vimefukiwa katika mabeseni ya mchanga mkavu chini ya turubai. Kwenye kila beseni alikuwa amefunga kipande cha kitambaa cha rangi ya ua litakalotoka.

"Karibu nyabo. Karibu mama," alisema. "Munataka ya nini? Ya nyumba ao ya kaburi?"

"Ya nyumba," mama akajibu haraka. "Yenye itachanua mvua ikiisha. Si mbele ya pale."

Muuzaji alianza na yungiyungi jekundu. Alichimbua kitunguu kikubwa kama ngumi, akamwekea mama kiganjani. Mama alikipima uzito, akakirudisha.

"Hii inakimbia sana. Inachanua na mvua ya kwanza, inajionesha, kisha inalala. Noeli haitaikuta."

"Na kana, ile ya majani mapana? Kana haisumbui. Ng'ombe anakanyaga, inatoka tu."

"Kana ni maua ya ku biro, ya ofisi za kambi. Nikitaka kuona kana nitaenda kusimama kwa komanda, mukubwa wa kambi."

Muuzaji alicheka hadi akashika kiuno. Tangu hapo alimpenda mama. Alimletea kigoda, akaanza kumsogezea mabeseni miguuni moja moja, nami nikasimama nyuma nikishika mfuko wa dawa. Yalikuwepo maua yenye majani kama mapanga, ambayo muuzaji alisema hupanda juu kama mnara na hufunguka kuanzia chini. Mama aliyafikiria kwa muda. Akasema hayo yanataka fimbo ya kuegemea, na upepo wa Nakivale hauna adabu. Tulipofika kwenye dalia, mama alivua viatu. Sijui kwa nini. Alivivua tu, akaingiza mikono miwili mchangani.

Alizoea kuviita vitunguu, ingawa vya dalia hufanana zaidi na viazi vitamu vidogo vilivyoshikana shingoni. Kila kimoja alikipitishia kidole gumba hapo shingoni, akitafuta kile kinundu ambacho chipukizi hutokea. Kisichokuwa nacho alikirudisha. Kilichonyauka alikirudisha. Vilipokuwa vimejaa kwenye kitenge chake, aliinamisha kichwa upande, akaleta kile kipande cha kitambaa karibu kabisa na jicho lake zima.

"Hii ni nyekundu?"

"Nyekundu kabisa," muuzaji akasema. "Ikitoka iko kubwa kama sahani."

"Nataka nyekundu tu. Rangi zingine zitanichosha. Hii nyekundu naiona bado mzuri, mwanangu. Angalia, naiona."

Nikasema naam, mama. Kitambaa kilikuwa chekundu kweli.

Tulirudi Rubondo na vitunguu mapajani mwake, vimefungwa kama mtoto. Siku ya kupanda, nilipoanza kung'oa mabua makavu upande wa mlango, jirani yetu, mama mmoja Mrundi anayewaongoza kina mama kanisani kwetu, alikuja kusimama na mikono kiunoni.

"Mutakula petali?" aliuliza.

"Tutakula na macho," mama akamjibu.

Jirani alikuwa anajua tuliyoambiwa Ruharo. Alikwenda kwake akarudi na jembe, tukachimba pamoja. Mama alisimamia. Alitaka mashimo yawe na nafasi ya mtu kupita katikati, na alitaka jivu kuzunguka kila shimo kwa sababu ya konokono. Mistari miwili, kutoka njiani hadi mlangoni. Ilikuwa njia fupi sana, hatua za mtoto, lakini niliona alichokuwa anakitengeneza.

Mvua ilianza, ikasita, ikaanza tena. Ilipositasita nilikuwa nikienda kwenye pampu alfajiri, narudi na dumu kichwani, la kwanza la nyumba, la pili la dalia. Mbuzi wa watu tuliwafukuza. Nilizungushia miiba. Wateja wangu waliokuja kupima nguo walipaswa kupita pembeni, na mama alikuwa akiwapigia kelele kabla hawajafika: "Msikanyage kwangu!" Asubuhi na jioni nilimtilia matone, kichwa chake kimelala mapajani mwangu kama nilivyokuwa nikilala mapajani mwake utotoni. Alikuwa akiniambia anaona vizuri vile vile. Nilipenda kumwamini. Alipokosea kikombe na kumwaga chai, alisema mkono umeanza uzee. Alipoanza kupita na bega ukutani, nilisema moyoni kwamba ni tahadhari tu.

Chipukizi zilitoka, nene, za rangi ya zambarau iliyoiva. Mama alikuwa akizishika moja moja kila asubuhi, akiziita kwa majina ya watoto wake, sisi tulio hai na wale wawili aliowazika. Zikapanda hadi magotini, hadi kiunoni. Nikazikata ncha alivyoniagiza, ili zitoe matawi na zichelewe zaidi. Mwezi wa kumi na moja ukafika, vitumba vikajitokeza, vigumu, mviringo, kama vifungo vya koti. Nilikuwa nashona huku nikivitazama. Sikumbuki kungoja kitu kwa namna ile tangu nilipokuwa na mimba.

Kitumba cha kwanza kilifunguka mwanzoni mwa Desemba. Nilitoka na beseni la vyombo nikakiona. Kilikuwa cha manjano.

Nilifikiri ni hicho kimoja. Nikazunguka mistari yote miwili, nikifunua vitumba kwa ukucha ili nione ndani. Manjano. Manjano. Manjano tu, kama kiini cha yai. Labda kuku walikuwa wameparua mchanga pale Ruti, labda mtu alihamisha vile vitambaa. Sikupata kujua, wala sikurudi kuuliza. Nilikuwa bado nimesimama pale na kidole ndani ya kitumba niliposikia mlango, na mama akatoka akiwa amejifunga kitenge chake cha kanisani, ingawa ilikuwa siku ya kazi tu.

"Nasikia nyuki," alisema. "Imefunguka?"

"Imefunguka, mama."

Nilimshika kiwiko nikampeleka. Aliinama. Aligeuza kichwa upande, akaleta lile jicho karibu na ua hadi petali zikamgusa kope, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akainuka, uso wake umejaa tabasamu.

"Nyekundu ya hivi sijaiona tangu kwetu," akasema.

Nilitazama ua, nikamtazama mama, nikatazama ua tena, kama vile mimi ndiye niliyekuwa naumwa macho.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni nyekundu kweli."

"Kama zile za njiani."

"Kama zile."

Tangu siku hiyo tuliishi katika uongo huo, na tuliutunza vizuri. Kila asubuhi nilimtoa nje, aliinama, alisifu nyekundu. Nilipokuwa nashona, alikuwa akiketi kwenye kigoda kati ya mistari, uso umeelekea kwenye maua, akisema hili limefunguka zaidi, lile la kule limeinama, na mara nyingine alipatia kwa sababu alikuwa amelishika. Usiku wala mchana sikupata nafasi ya kulia, maana alikuwa karibu nami daima, ananisikiliza ninavyopumua. Watoto wa njiani niliwazuia wasipaze sauti kutaja rangi. Wateja niliwapokea nje kabisa, mbali na mlango. Mistari yote miwili ilikuwa inawaka. Mtu akitokea upande wa kanisa aliiona kabla ya kuiona nyumba.

Siku chache kabla ya Noeli, jirani yetu alikuja na kisu na ndoo. Nilikuwa ndani napiga pasi. Sikumsikia mapema.

"Mama," alimwambia mama, "kina mama wamenituma. Tunaomba maua ya kanisa. Kwa Rubondo yote hakuna mwenye iko nayo saa hii, ni weye tu. Hii manjano yako inawaka sawa taa!"

Nilitoka na pasi mkononi. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Hakuinua kichwa.

"Manjano?" akauliza.

"Manjano, ndiyo. Manjano ya kupendeza, mama." Jirani alinitazama, akaona uso wangu, na sauti yake ikapungua hadi ikafa.

"Kata," mama akamwambia. "Kata mingi. Kata yote yenye unataka, ni ya Mungu."

Jirani alikata machache, kwa haraka, kama anayeiba, akaondoka na ndoo ambayo haikujaa hata nusu. Mimi niliweka pasi chini kwenye udongo. Sikuthubutu kusogea.

"Zote ni manjano?" mama akauliza.

"Zote, mama. Hakuna hata moja nyekundu iliyotoka."

"Na ile ya siku ya kwanza?"

"Na ile."

"Weye ukasema ndiyo."

"Nilikuona una furaha, mama."

"Sikuwa na furaha," alisema. "Nilisikia uko unanichunga uso. Nikajiambia, mutoto huyu amebeba maji tangu mwezi wa tisa, sasa nitamwambia nini? Nikasema nyekundu, juu tulinunua nyekundu."

Nilipiga magoti mbele yake, nikamuuliza tangu lini haoni.

"Tangu mahindi zinatoa ndevu. Naona mwangaza. Najua mlango uko wapi na dirisha liko wapi. Basi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kumwagilia."

Kisha mama akalia. Tangu Ruharo sikuwa nimemwona akilia. Alilia akiwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, machozi yakitoka katika macho yale yale ambayo hayakuwa na kazi nyingine tena. Alisema maneno mengine ambayo nilikuwa sijawahi kuyasikia. Alisema siku tuliyokimbia, dalia zilikuwa zimechanua zote. Alipita katikati yake akiwa amembeba mdogo wangu mgongoni, akanivuta mimi kwa mkono, na hakuziangalia. Alikuwa anaangalia njia. Miaka yote hii kambini alikuwa akijilaumu kwa kitu hicho kidogo, kitu ambacho angeona aibu kumwambia mtu aliyepoteza watu: kwamba alipita kwenye maua yake bila kuyatazama.

"Sasa yamechanua tena mbele ya uso wangu," alisema. "Ni mara ya pili."

Nilimkumbatia miguu.

Noeli tulikwenda kanisani. Maua yake yalikuwa mbele, kwenye ndoo iliyofunikwa kitambaa cheupe, na mchungaji alimshukuru mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Mama aliitikia kwa kuinamisha kichwa. Wakati wa kutoka, kila mtu alimshika mkono na kumsifia. Walisema yanapendeza, yanang'aa, yanafurahisha macho. Walikuwa watu wema. Mkono wake uliokuwa begani mwangu ulikuwa ukikaza vidole kila neno lilipotoka.

Tulipofika nyumbani aliniambia nizing'oe.

Nilijaribu kumbembeleza. Nilimwambia tunaweza kurudi Ruti tuchague maua ya harufu, asumini, yale meupe yanayonukia jioni. Nilimwambia yule mama wa mtandio wa kijani hatakosa kutuonyesha kitunguu cha ua linalonukia. Nilizungumza sana. Aliningoja nimalize.

"Harufu ni harufu," akasema. "Mimi nilitaka kuangalia. Ng'oa, mwanangu. Kila mutu anapita hapa ananiambia ni mazuri. Nimechoka kuambiwa."

Nikamwomba walau tungoje majani yakauke yenyewe, vitunguu vikomae, visiharibike. Hilo alikubali, kwa ajili ya vitunguu. Januari mvua ilipokuwa imekatika kabisa nilichukua jembe. Mama alifunga mlango akabaki ndani. Kila shimo nililochimba lilikuwa limejaa. Kile kiazi kimoja tulichozika kilikuwa kimezaa rundo, vinene, vizima, vimeshikana, na udongo ulikuwa unanata katikati yake. Sijawahi kuvuna kitu kizuri hivyo katika kipande kile. Nilivipeleka vyote kwa jirani, na mvua za Machi akavipanda kuzunguka kanisa, ambako vipo hadi sasa. Sisi hupita hapo kila Jumapili. Vikichanua, mimi hunyamaza, na mama haulizi.

Mahali pa dalia tulirudisha maharage. Mama alitaka kuyapanda mwenyewe. Nilimchimbia mfereji kwa jembe, akapiga magoti mwanzo wa mstari, bakuli la mbegu limefungwa kiunoni kwa kitenge, akaanza kwenda kwa magoti, mkono mmoja ukitangulia kupima udongo, mwingine ukidondosha mbegu. Alipofika kwenye kona alipotea, akaanza kupanda kwenye njia. Nikakimbia kumshika bega.

"Niache," alisema.

"Umetoka nje ya mfereji, mama."

"Najua nimetoka. Niache nirudi peke yangu."

Nikamwacha. Alikaa kidogo, akageuza kichwa hadi jua likampiga shavu la kushoto, akapapasa nyuma, akapapasa kulia, akaukuta mfereji, akaendelea. Alikwenda hivyo hadi mstari ulipokwisha.

Mimi nilizunguka nyumba nikaenda kusimama upande wa jikoni. Siku hizi mama husikia kila kitu, hata sindano ikianguka, hata nikimeza mate. Kwa hiyo nimejifunza kulia mdomo ukiwa wazi, pumzi ikitoka polepole, bila sauti. Nililia hivyo mpaka aliponiita nimletee maji ya kunawa mikono, nikamjibu, "Nakuja, mama," na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa.